Shajara ya Kabati la Gemu: Bodi ya Rilei na Umeme Unaorudi Ghafla

Agosti, mwanzoni

Lengo la mradi huu ni kabati moja la gemu la kusimama, lenye joistiki mbili na monita ya inchi 19, ambalo litawashwa kwa kitufe kimoja na kuzimika lenyewe pale mchezaji anapochagua kuzima kwenye menyu, bila mtu kuingiza mkono nyuma kutafuta swichi ya kompyuta, ya monita, ya amplifaya na ya taa za juu, kila moja mahali pake. Kazi hiyo nimeikabidhi bodi ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo: koili ya rilei ikipata umeme, rilei inashika na kupitisha umeme mkubwa; ikikosa, inaachia. Shajara hii inahusu zaidi bodi hiyo kuliko gemu zenyewe.

Kiunzi ametengeneza fundi seremala jirani yangu hapa Isevya kwa mabaki ya mbao za mninga, na pande zake ni plaiwudi ya milimita 18. Mninga ni mzito kuliko kazi hii inavyodai, lakini hapa Tabora ndio mti ulio karibu na mkono, na skrubu zikishaingia humo hazilegei. Fundi alikuwa na wasiwasi mmoja tu. "Mwalimu, watu wakiona vitufe na taa watatafuta tundu la sarafu," alisema, akimaanisha kwamba wangedhani ni dubwi, mashine ya kamari. "Mimi nakutengenezea, lakini andika mbele kwamba hili halili hela." Limeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa.

Mashine za kibiashara za miaka ya 1980 hazikuhitaji mpango wowote wa namna hii. Bodi zake za gemu, hasa baada ya kiwango cha JAMMA, chama cha watengenezaji wa mashine za gemu wa Japani, cha mwaka 1985 kuweka umeme, sauti, picha na vitufe kwenye kiunganishi kimoja cha pini 56, zilikuwa na programu iliyokwisha kuchomwa ndani ya chipu, hivyo mwenye mashine aliweza kukata umeme wakati wowote bila kuharibu kitu. Kabati langu lina kompyuta ya mezani iliyotumika, ambayo ina diski na mfumo endeshi, nayo haipendi kukatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika. Ndiyo maana swichi moja ya kukata kila kitu, ambayo wengi huanza nayo, haitoshi.

Agosti, mwishoni

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua vifaa vinakula kiasi gani vikiwa vimezimwa. Mita yangu ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ina taa nyekundu na maandishi 1000 imp/kWh, maana yake kila mara inapowaka, saa-wati moja imetumika. Nilizima kila kitu nyumbani, nikaacha kompyuta iliyozimwa, monita iliyo katika hali ya kusubiri na amplifaya, kisha nikahesabu muda kati ya kuwaka kumoja na kunakofuata. Ulikuwa takriban dakika nane, yaani kama wati saba na nusu ambazo hazifanyi kazi yoyote. Kwa mwezi hizo ni uniti tano na zaidi kidogo. Kwa mtu aliye katika daraja la wateja wadogo wanaotakiwa wasivuke uniti 75 kwa mwezi, uniti tano ni pasi za nguo za wiki kadhaa, na si jambo la kupuuza.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Umeme wetu ukikatika, kinachoua vifaa mara nyingi ni namna unavyorudi kuliko kule kukatika kwenyewe: unarudi sekunde moja, unaondoka, unarudi tena ukiwa juu au chini ya kawaida, wakati majokofu ya mtaa mzima yanaanza kuvuta kwa pamoja. Makabati mengi yanayoelezwa na watengenezaji wa nchi nyingine hutumia rilei kwa ajili ya urahisi tu, monita iwake pamoja na kompyuta. Mimi ninaitaka rilei ambayo kazi yake kubwa ni kubaki imeachia. Umeme ukirudi, kabati lisijue habari hiyo mpaka mtu aje alibonyeze.

Septemba, mwanzoni

Bodi imefika kwa basi kutoka Kariakoo. Ni ile ya rangi ya buluu yenye rilei mbili za volti 5, aina ya SRD-05VDC-SL-C, ambayo juu yake pameandikwa ampea 10 kwa volti 250. Koili ya kila rilei nimeipima ikasoma karibu omu 70, kwa hiyo inavuta takriban miliampea 71, na zote mbili kama 142. Hicho si kiasi cha kuchukua moja kwa moja kwenye pini ya kidhibiti kidogo kama Arduino Nano, ambayo kikomo chake ni miliampea 40, na ndiyo sababu bodi ina transista kwa kila koili, diodi ya kumeza mrejesho wa koili inapoachia, na optokapla inayotenganisha ishara na koili.

Upande wa umeme wa volti 230 kila rilei ina skrubu tatu. Ya katikati ni COM, na waya wa moto unaingilia hapo. NO ni mguso ulio wazi rilei inapopumzika, na NC ni ule uliofungwa rilei inapopumzika. Nimekutana na michoro inayotumia NC kwa hoja kwamba koili haitapata moto. Kwa kabati hili uchaguzi huo ungegeuza mradi wote kichwa chini, kwa sababu umeme ukirudi wakati koili haina kitu, vifaa vyote vingepokea kishindo cha kwanza. Tunatumia NO, na NC zimebaki tupu.

Nitakaa kidogo kwenye upande wa chini wa bodi, kwa kuwa hapo ndipo bodi nzuri inapojulikana na bodi mbaya. Katika rilei ya umbo hili, pini ya COM iko upande uleule wa pini mbili za koili, katikati yake. Maana yake volti 230 na volti 5 zinakaa umbali wa milimita chache tu. Watengenezaji makini hukata mfereji kwenye bodi kuizunguka pini ya COM ili vumbi na unyevu visijenge njia juu ya ubao, na bodi yangu inao mfereji huo. Isiyo nao haifai kubeba umeme wa ukutani, hata kama inauzwa nusu ya bei. Vilevile matundu ya kufungia bodi yako karibu mno na skrubu za umeme mkubwa, kwa hiyo nimeifunga kwa vishikizo vya nailoni badala ya misumari ya chuma.

Duka moja lilinishauri rilei isiyo na sehemu zinazosogea, ile ya kielektroniki ya ampea mbili, kwa kuwa haigongi wala haichakai. Niliiazima na kuijaribu. Adapta ya taa za LED iliendelea kutoa mwanga hafifu kabati likiwa "limezimwa", kwa sababu kifaa hicho hupitisha umeme kidogo hata kikiwa kimeachia, na kikiharibika mara nyingi huharibika kikiwa kimeshika. Mlio wa rilei ya kawaida sina ugomvi nao. Unaniambia kilichotokea hata nikiwa mbele ya kabati.

Septemba, mwishoni

Mpango wenyewe sasa umekamilika kwenye meza. Wazo si langu; ni lilelile lililo kwenye mashine za randa za maseremala, ambazo umeme ukikatika hujifungua zenyewe na haziwaki tena mpaka kibonyezwe kitufe cha kijani, ili mtu aliyeweka mkono karibu na kisu asikatwe na umeme uliorudi. Sakiti hiyo hujishikilia yenyewe.

Kwenye kabati inafanya kazi hivi. Waya wa moto unatoka kwenye plagi yenye fyuzi ya ampea 3 na kugawanyika mara mbili: tawi moja linapita kwenye mguso wa NO wa rilei ya kwanza, tawi la pili linapita kwenye swichi ya kengele ya mlango, ile ya ukutani ya ampea 10 inayoachia ukiondoa kidole. Matawi yote mawili yanakutana tena kabla ya pawa saplai ya kompyuta. Ukibonyeza kengele, kompyuta inapata umeme, inawaka, na volti 5 za waya mwekundu wa pawa saplai zinaingia kwenye bodi ya rilei. Pini ya ishara ya rilei ya kwanza nimeiunganisha moja kwa moja na waya mweusi, kwa kuwa bodi hii hushika ishara inapokuwa chini, yaani karibu na volti sifuri, kwa hiyo mara tu volti 5 zinapofika, rilei inashika. Sasa unaweza kuachia kengele. Kompyuta inaishikilia rilei, na rilei inaishikilia kompyuta.

Mchezaji akichagua kuzima, mfumo endeshi unafunga mafaili yake kwa utaratibu, pawa saplai inaondoa volti 5, rilei inaachia, na kabati zima linakuwa kama limechomolewa ukutani. Taa ya mita ya LUKU haikuwaka tena kwa ajili yake hata nilipoisubiri kwa muda mrefu. Umeme ukikatika nje, matokeo ni yaleyale: rilei inaachia, na umeme ukirudi hakuna kinachotokea.

Mambo matatu yanatakiwa ili mpango huu usimame. La kwanza ni waya gani unachukuliwa. Waya wa zambarau wa pawa saplai ya ATX, muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani, nao hutoa volti 5, lakini hizo ni za hali ya kusubiri, zipo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na rilei iliyofungwa hapo haitaachia kamwe. Soketi za USB za kompyuta nyingi zina tabia hiyohiyo. Nyekundu na nyeusi za plagi ya diski ndizo sahihi.

La pili ni mpangilio wa BIOS, programu ya kwanza inayoamsha kompyuta, kuhusu kompyuta ifanye nini umeme unaporudi. Inatakiwa kuwaka. Zipo BIOS zenye chaguo la kurudia hali iliyokuwepo mwanzo, nalo linavutia kwa jina lake, ila hapa halifai, kwa sababu hali ya mwisho kabla ya rilei kuachia huwa ni kuzimwa, na kompyuta itatii kumbukumbu hiyo kila mara.

La tatu ni betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi kuu ya kompyuta. Kompyuta ya ofisini inayobaki kwenye soketi mwaka mzima haionyeshi kwamba betri hiyo imekufa, kwa vile umeme wa kusubiri ndio unaotunza mipangilio. Kwenye kabati lisilobakiza hata wati moja, betri peke yake ndiyo inayokumbuka. Ikiwa imekufa, BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, kompyuta inakataa kuwaka unapobonyeza kengele, na mtu atalaumu rilei isiyo na hatia. Ya kwangu ilisoma volti 2.4 badala ya 3, nikaibadilisha kabla ya jaribio la kwanza.

Oktoba, mwanzoni

Rilei ya pili inahusika na monita, amplifaya na taa za juu, na COM yake imechukua umeme baada ya rilei ya kwanza, hivyo ya kwanza ikiachia, ya pili haina cha kupitisha hata ikibaki imeshika. Inashika sekunde nane baada ya kompyuta kuwaka. Ucheleweshaji huo unatenganisha mikupuo ya umeme, na unaiondolea spika ule mlipuko wa sauti unaosikika amplifaya inapokuwa macho wakati kompyuta inaamka.

Sekunde nane hizo zinahesabiwa na Arduino Nano inayokula volti 5 zilezile. Programu yake ni mistari michache, lakini mpangilio wa mistari miwili una uzito: kwa kuwa rilei inashika ishara ikiwa chini, pini inatakiwa iandikwe juu kwanza, ndipo itangazwe kuwa ya kutolea. Ukitangaza kwanza, pini inaanza ikiwa chini kwa chembe ya sekunde na rilei inagonga bure kila unapowasha.

Kuhusu monita, ushauri kwa anayenunua iliyotumika ni kuijaribu palepale dukani: iwashe, chomoa plagi yake, subiri, kisha irudishe. Zipo zinazorudi na picha, na zipo zinazobaki zimelala mpaka ubonyeze kitufe chake. Za kundi la pili, televisheni nyingi zikiwemo, haziwezi kuongozwa na rilei ya namna hii. Muuzaji wangu sokoni alinitazama kwa huruma nilipokuwa nikichomoa na kuchomeka monita zake, lakini ya tatu kwenye safu ilirudi bila kuombwa, na ndiyo iliyo kwenye kabati.

Oktoba, katikati

Joto la mwezi huu limetosha kulainisha gundi ya moto iliyokuwa imeshikilia nyaya za vitufe, nikazifunga kwa vibana vya plastiki. Nimeongeza feni ndogo ya volti 12 mgongoni na kitambaa chembamba mbele yake kwa ajili ya vumbi.

Hesabu ya mzigo ni rahisi: kompyuta wati 80 ikiwa katika gemu, monita 30, amplifaya na taa kama 30, jumla 140, ambazo kwa volti 230 ni ampea 0.6. Mtu anaweza kuuliza kwa nini rilei ya ampea 10 ifikiriwe mara mbili. Jibu liko kwenye chembe ya kwanza ya sekunde. Pawa saplai za kisasa zina kapasita kubwa tupu mlangoni, na zinapopata umeme wimbi likiwa kileleni, karibu volti 325, huvuta makumi ya ampea kwa muda mfupi mno. Ampea 10 za rilei zimeandikwa kwa mzigo wa kawaida kama pasi au jiko la umeme, na mkupuo wa kapasita ndio unaoweza kulehemu miguso yake mpaka isiachie tena.

Nimeweka thamista ya NTC ya 10D-9 kwenye waya wa moto kabla ya matawi mawili. Ikiwa baridi ina omu 10, kwa hiyo mkupuo hauwezi kuzidi ampea 32 na kidogo. Ikipata moto upinzani wake unashuka na haisumbui. Kasoro yake ni kwamba ikiwa bado ina moto haikingi kitu, na umeme unaokatika na kurudi baada ya sekunde mbili unaikuta katika hali hiyohiyo. Hapo rilei iliyoachia inaisaidia thamista, kwa kuwa mpaka mtu anyanyuke aje abonyeze kengele, angalau imeanza kupoa. Imekaa ndani ya kiunganishi cha kauri, mbali na mbao.

Jioni nyingine umeme wa mtaa wetu hushuka, na nimewahi kusoma volti 178 kwenye mita ya mkononi. Rilei yenye koili ya umeme wa ukutani ingeweza kutetemeka kwa volti hizo. Hii inalishwa na volti 5 zilizokwisha kunyooshwa na pawa saplai, hivyo ama imeshika kabisa ama imeachia kabisa.

Novemba

Mvua zimeanza, na kazi ya mwisho imekuwa ya eathi. Bamba la vitufe ni la chuma, na wachezaji wengi watakuwa miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Pawa saplai ya kompyuta isiyo na eathi huacha chuma chote kikielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani kupitia kapasita zake za kuchuja. Umeme huo ni mdogo, lakini unawasha ngozi, na siku hitilafu nyingine ikitokea hakuna pa kuupeleka. Nilimwita fundi umeme mwenye leseni apime nguzo ya eathi ya nyumba. Alinieleza kuwa udongo wetu wa kichanga ukikauka mwezi wa tisa na wa kumi, upinzani wa nguzo hupanda sana, na kipimo kizuri cha wakati wa mvua kisimdanganye mtu. Tumeongeza nguzo ya pili, na bamba la vitufe sasa lina waya wake wa kijani na njano uliofungwa kwa skrubu na washa ya meno.

Fundi huyohuyo aligundua kuwa soketi ya chumba kile ilikuwa imefungwa kinyume, moto upande wa nyutro. Rilei yangu inakata waya mmoja tu, kwa hiyo kwenye soketi ya namna hiyo kabati lingeonekana limezimwa huku moto ukiwa umejaa ndani yake. Soketi imerekebishwa, na mlango wa nyuma wa kabati umewekwa upya ili usifunguke kabla plagi haijachomolewa: waya wa plagi wenyewe unauzuia.

Bodi ya rilei, swichi ya kengele na viunganishi vya volti 230 vimeingia ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, na matundu ya nyaya yamezibwa kwa glandi, vizibo vinavyoubana waya. Vumbi ni sababu mojawapo. Sababu ya pili ni mijusi, ambao hupenda joto la boksi la umeme, na mmoja akikanyaga skrubu mbili kwa wakati mmoja hufa yeye na fyuzi pamoja.

Diski ya kompyuta imegawanywa ili sehemu ya mfumo isomwe tu bila kuandikwa, na alama za wachezaji zinaandikwa kwenye sehemu ndogo ya pembeni. Hilo ni kwa ajili ya siku ambazo umeme utakatika gemu ikiendelea, jambo ambalo rilei haina uwezo wa kulizuia. Nimekata umeme kwa makusudi kwenye swichi kuu mara nyingi katikati ya gemu, na mfumo umerudi salama kila mara.

Kilichobaki ni rangi ya pande na kioo cha taa za juu, ambacho fundi seremala anakisubiri kutoka kwa mkata vioo. Nano bado ina pini zisizotumika, na ninafikiria kuitumia kupima joto ndani ya kabati ili feni isizunguke asubuhi za baridi za Juni na Julai.